Mpini wa Dumu Jeupe

Mkinikaribisha soda, msishangae nikiinusa kwanza. Siwadharau. Majirani zangu hapa Bugarama walishanizoea: wananiwekea chupa mezani, wanaangalia pembeni nimalize uchunguzi wangu, ndipo tunaanza kuongea. Mjukuu wangu anasema Bibi ana pua ya askari wa mpakani. Sawa, na acheke. Ninyi vijana mnaoanza kazi ya afya ya mazingira, na ninyi mnaookota chupa kwenye mitaro ya Ngara na Biharamulo mkazipeleke kwa wanunuzi, nisikilizeni hadi mwisho, kwa sababu pua hii sikuzaliwa nayo. Mzee mmoja, mwema kuliko wengi niliowahi kuwajua, alikaribia kufa mbele ya macho yangu kwa sababu ya wimbo. Na wimbo huo niliutunga mimi.

Nilikuwa bibi afya. Siku hizi mna vyeo virefu ambavyo haviingii kwenye kitambulisho, lakini wakati wetu mwanamume alikuwa bwana afya, mwanamke bibi afya, na mtu akikuona unakuja na daftari anakimbia kufagia choo. Nimezunguka wilaya hizi mbili kwa pikipiki mpaka kiuno kikaomba poo. Nimekagua mabucha, migahawa, vyoo vya shule, machinjio. Nilidhani nimeona kila uchafu ambao binadamu anaweza kuuzalisha. Kisha nikapangiwa Kisiwani.

Msifikirie ziwa kubwa. Ni kipande cha ardhi katikati ya kinamasi cha mto, upande wa Kasulo, kimezungukwa na mafunjo marefu kuliko nyumba. Sisi wa bara tunapaita Kisiwani, na wenyewe wanapaita hivyo hivyo. Kaya chache, migomba, mahindi, maharage, kigango kimoja cha kusalia, duka moja, kisima kimoja. Kuingia ni kwa mtumbwi unaosukumwa kwa upondo katika mfereji mwembamba, na siku ile ya kwanza mtumbwi ulikwama kabla hatujafika. Niliinama kuangalia nikidhani ni gogo. Ilikuwa mifuko, chupa, ndala na pampasi za watoto, vyote vimeshikamana na mizizi ya mafunjo vikawa ukuta. Nilishika kichwa.

"Karibu, Bibi Afya," akasema mwenye mtumbwi. "Huo ndio mlango wetu."

Huyo ndiye Mzee Gaspari. Alikuwa katekista wa kigango, na ndiye mtu mwenye maneno ya polepole kuliko wote niliowahi kukutana nao. Angeweza kuanza sentensi akiwa bara, akaimalizia Kisiwani. Mimi nina haraka, na nikikasirika r na l hubadilishana viti kinywani mwangu, kwa hiyo tulipoongea ilikuwa kama pikipiki inamfuata ng'ombe. Nilikuwa nikimkatiza. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, na mengine yote yamezaliwa humo.

Nilimuuliza taka zote hizi zimetoka wapi katika sehemu ndogo namna ile. Akanionyesha duka. Sukari imefungwa plastiki, sabuni imefungwa plastiki, mafuta, biskuti, chumvi, kila kitu kimevikwa. Vinaingia kwa mtumbwi. Havitoki. Bara mtu akitupa mfuko, upepo unaupeleka kwa jirani naye anaona umepotea. Kisiwani hakuna pa kupotelea. Betri za redio nilizikuta kwenye shamba la maharage, zimechipua kutu.

Basi nikaitisha mkutano. Nikasimama mbele ya kigango na kuwaagiza kama kitabu kilivyoniagiza mimi: kila kaya ichimbe shimo la taka, kina kifike kifuani kwa mtu mzima. Mzee Gaspari akanyanyua mkono.

"Bibi Afya, sisi hapa hata ndizi hatuzifukii."

"Mzee wangu, sikuja kuzungumzia ndizi," nikamjibu. Watu wakacheka kidogo, naye akakaa chini.

Mtu wa Ngara anayenisikiliza ameshaelewa. Nyumbani kwetu, ukitaka ndizi za pombe ziive, unachimba shimo, unalitandika majani ya mgomba, unazifukia na kulipasha moto. Kisiwani walikuwa wanaziivisha juu ya uchanja, jikoni, kwenye moshi. Nilikuwa nimeingia jikoni kwao, nimeziona zile ndizi juu ya kichwa changu, nimezisifia, na bado sikujiuliza kwa nini hazipo ardhini. Mzee alikuwa ananiambia kwamba chini ya miguu yetu ni maji. Mimi nikasikia ndizi.

Walichimba, kwa sababu ni watu wenye adabu. Walipofika magotini maji yakaanza kuchungulia, wakaacha, wakaniambia mashimo yako tayari. Nikaweka tiki kwenye daftari. Mvua za masika ziliponyesha nikarudi, na sijui niwaelezeje nilichokiona. Mashimo yalikuwa yametapika. Taka zote tulizozika zilikuwa zinaogelea uani. Pampasi zimevimba, zimetulia mbele ya kigango kama bata. Kisima kilikuwa kinanuka, na watoto walikuwa wanaendesha. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniangalia, akageuka, akaenda zake.

Kisima kikafungwa mpaka maji yatulie na kusafishwa. Wanawake wakawa wanavuka kinamasi kwenda kuchota maji bara. Mimi nilikuwa na chupa yangu ya maji ya dukani kwenye begi, kama kawaida.

Kwa hiyo, mwanangu uliyeajiriwa jana, kabla hujamwagiza mtu achimbe shimo, muulize anaivishia wapi ndizi.

Safari hii nilikaa chini nikamwacha Mzee Gaspari amalize sentensi. Ilichukua karibu asubuhi nzima. Alisema kinachoharibika ardhini tukiweke juu, kama ndizi. Na kilichoingia kwa mtumbwi kitoke kwa mtumbwi. Ndiyo hiyo tu. Nimehudhuria semina nyingi zenye chai na maandazi, sijawahi kusikia mpango ulio mzuri kuliko ule.

Tukajenga vichanja vya taka, vya miti na kamba za migomba, karibu na kila kundi la nyumba. Maganda na mabaki yakaenda kwenye migomba. Chupa na mifuko ikaoshwa, ikakaushwa, ikaning'inizwa kwenye viroba vya salfeti. Betri zikawa na kopo lao lenye kifuniko. Mtumbwi uliopeleka ndizi sokoni ukawa unabeba na viroba. Nilijifunza mambo madogo ambayo hayamo vitabuni: chupa ikanyagwe kwanza ndipo ifungwe kifuniko, la sivyo inavuta pumzi na kujaa tena; mnunuzi hataki tope; kiroba kikining'inia chini ya kimo cha mbuzi, mbuzi atakula nailoni na wewe ndiye utakayelaumiwa. Mfereji ukafunguka. Kisima kikarudi kuwa kisima, na nikawafundisha kuchemsha maji yake.

Hapo ndipo kichwa kiliponivimba. Vyombo vilikuwa vingi kuliko mtumbwi ulivyoweza kubeba, nikaona kile kilicho kizima kirudi nyumbani kwa mtu. Nikatunga wimbo. "Usitupe, osha! Ukishaosha, tumia!" Watoto waliuimba wakienda kuchota maji, wanawake waliuimba wakipalilia. Wakubwa walikuja na magari mpaka ukingoni, wakavua viatu ili wapande mtumbwi, na mimi nikasimama mbele nikiongoza wimbo huku nikipiga makofi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Sasa sikilizeni. Wakati ule viwavijeshi vilikuwa vimeingia kwenye mahindi, kule Kisiwani kama huku bara, Runazi na kwingine. Watu wakanunua dawa. Ilikuja kwenye madumu meupe ya lita tano, mazito, yenye kifuniko cha buluu na mpini mzuri wa kushikia. Dawa ikiisha, dumu lilienda kichanjani pamoja na mengine. Ninayakumbuka. Mengine niliyaning'iniza kwa mkono wangu mwenyewe. Katika wimbo wangu hapakuwa na ubeti wa dawa.

Mke wa Mzee Gaspari tulimwita Mama Veronika, kwa jina la binti yao mkubwa. Kwa usafi, mwanamke yule alikuwa hana mpinzani. Tulimtania kwamba huosha hata kuni. Na ndiye aliyeupenda wimbo wangu kuliko wote. Alichukua dumu moja jeupe kichanjani. Alilisugua kwa majivu, akalisukutua kwa mchanga, akalimwagia maji yanayochemka, akalianika juani siku tatu. Alilinusa. Halikunuka kitu. Akaliweka kwa ajili ya siku kubwa.

Siku kubwa ilifika. Veronika alikuwa anaposwa. Waposaji walitoka Runazi, Wasukuma ambao wazee wao walihamia kule na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakiongozwa na baba wa kijana, Mzee Masanja. Kwa heshima ya wenyeji walinunua pombe ya ndizi, wakaitanguliza jana yake kwa mtumbwi. Ndoo za watu zilitakiwa kurudishwa, basi Mama Veronika akaihamishia pombe kwenye vyombo vyake. Iliyo bora, ile ya wazee, aliiweka kwenye dumu jeupe. Ikakaa humo mpaka kesho yake mchana, ikichachuka polepole.

Mimi nilialikwa kama ndugu. Nilikaa karibu na Mzee Gaspari, na kitenge kipya, na begi langu lenye chupa ya maji.

Kwetu, mgeni hapewi pombe kabla anayeitoa hajaionja mbele ya macho ya wote. Ndiyo namna ya kumwambia mgeni kwamba katika nyumba hii hakuna ubaya. Mzee Gaspari akamimina kwenye kibuyu. Na kwa kuwa siku ile alikuwa na furaha hakuonja, alikunywa, mafunda matatu makubwa, akafuta midomo, akaanza kutoa hotuba.

Jamani, mnakumbuka nilivyosema kuhusu maneno yake ya polepole. Wazee wote walikuwa wameshika vikombe vitupu, wanasubiri amalize ndipo wamiminiwe, kwani si adabu kunywa wakati mwenye nyumba anaongea. Mimi nilikuwa nanung'unika moyoni kwamba mzee huyu atatuua kwa kiu. Alikuwa bado yuko kwa babu yake na jinsi babu alivyovuka mto. Hotuba ile ndefu iliwaokoa wote.

Katikati ya neno akanyamaza. Nilimwona jasho likimtiririka kama amemwagiwa maji. Mate yakaanza kumtoka, machozi yakamtoka, mkono ukawa unatetemeka mpaka kibuyu kikaanguka. Akasema, "Mbona giza?" Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Akaanguka juu ya miguu yangu.

Kelele zilizopigwa pale bado ninazisikia. Vijana wa Kisiwani waliruka wakamkamata Mzee Masanja, mmoja kwenye shingo, wengine mikononi. "Pombe ni yenu! Mmemwekea sumu!" Mwingine alikuwa ameshakimbilia panga. Mzee Masanja hakupigana. Alikuwa analia kama mtoto, anajivuta kuelekea mezani.

"Nipeni na mimi! Nipeni ninywe mbele yenu! Kama ni sumu tufe wote!"

Akafanikiwa kuchomoa mkono mmoja, akalishika dumu. Hapo ndipo nilipoliona. Mpaka wakati ule nilikuwa nimeangalia kibuyu tu. Jeupe, kifuniko cha buluu, mpini. Nililijua kama ninavyoijua pikipiki yangu.

Nitawaambia ukweli ambao sikuuandika kwenye taarifa yoyote. Nilinyamaza. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi mbili, lakini katika pumzi zile mbili niliwaona wakubwa waliovua viatu, nikaiona kazi yangu, nikamwona Mama Veronika akiitwa mwanamke aliyemuua mumewe. Nikafikiri: hakuna anayejua. Nashangaa mpaka leo kwamba wazo lile lilitoka kichwani mwangu. Kisha nikaona dumu linapanda kuelekea mdomoni kwa yule mgeni wa watu, na mwili wangu ukaruka wenyewe. Nilimpiga kikumbo mpaka tukaanguka wote wawili.

"Asiguse mtu!" nikapiga kelele. "Hili ni dumu la dawa ya wadudu! Mwacheni mgeni. Mimi ndiye niliyewaambia lioshwe litumike. Sumu hii ni yangu!"

"Ni mimi niliyeliosha," Mama Veronika akasema, ameshika mdomo kwa mikono miwili. "Nililiosha, Bibi Afya, niliosha vizuri."

"Uliosha kwa sababu nilikuimbia."

Walimwachia Mzee Masanja. Watu walikuwa wanakuja mbio na maziwa, mwingine anataka kumtia mzee kidole kooni atapike. Niliwakatalia wote. Mlioko kazini mshike hili: asilazimishwe kutapika, asinyweshwe kitu, alazwe ubavu ili mate yasimzibe, nguo zilizolowa zivuliwe, na chombo kilichobeba alichokunywa kiende naye hospitali. Wale wale vijana waliokuwa wamemkaba mgeni ndio walioshika pondo. Mzee Masanja, aliyekuwa anaogopa maji tangu asubuhi, aliingia mtumbwini akampakata Mzee Gaspari kichwa, akawa anamfuta mate kwa shati lake la sherehe. Mimi nilikuwa nimekumbatia dumu. Tulipita katika mfereji ule bila kukwama popote, na niliwaza kwamba ungekuwa kama siku ile ya kwanza, angefia humo.

Daktari aliuliza swali moja tu: amekunywa nini? Niliweka dumu mezani. Akaligeuza, akasoma herufi zilizochongwa kwenye kitako, akaagiza sindano. Baadaye aliniambia, "Mama, bila hili dumu ningekuwa nabahatisha." Sikujua nishukuru au nilie.

Mzee alipoanza kufumbua macho, niliazima kisu kwa muuguzi nikaupasua ule mpini. Nilitaka kujua Mama Veronika alikosea wapi. Hakukosea popote. Mpini wa dumu lile ni mtupu ndani, una mfereji wake, na tundu la kuingilia ni dogo kuliko kidole. Mchanga haufiki humo, majivu hayafiki. Ndani yake dawa ilikuwa imeganda, nzito, rangi ya chai ya maziwa. Pombe ilikuwa imekaa usiku mzima ikiilamba. Nimefanya kazi ya vyombo na maji maisha yangu yote na sikuwahi kujiuliza ndani ya mpini kuna nini.

Leo kila mtu Kisiwani analijua hili. Dumu la dawa linasukutuliwa mara tatu palepale shambani, na maji yake yanamiminwa kwenye bomba la kupulizia, yasimwagwe. Kisha linatobolewa kitako, lisifae hata kubebea mchanga. Lina kichanja chake lenyewe chenye kufuli, na linarudi kwa muuza dawa. Wimbo umekufa. Nikiwasikia watoto wa sehemu nyingine wakifundishwa wimbo wa namna ile, moyo unanipasuka.

Nilirudi Kisiwani baada ya wiki kadhaa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, tena nilitaka kutukanwa. Nilimkuta Mzee Gaspari ameketi karibu na kisima, amekonda, mkono wa kulia unatetemeka, na unatetemeka mpaka leo. Mzee Masanja alikuwa naye. Walikuwa wanapanga harusi. Nikapiga magoti, nikamwambia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mama Veronika, mletee mgeni maji."

Jua lilikuwa kali, koo limenikauka. Bila kufikiri, mkono wangu ukaingia begini ukatoa chupa yangu. Nikaifungua. Nilipoinua macho, walikuwa wote wananitazama, na Mama Veronika amesimama na kikombe cha maji mkononi.

"Unajua, Bibi Afya," Mzee akaanza, polepole kama kawaida yake, na mimi sikumkatiza, "chupa za kwanza ambazo mke wangu alizihifadhi ndani, zilikuwa za kwako. Kila ulipokuja ulituachia moja. Alizipenda, zilikuwa ngumu. Tangu umefika hapa, umetuchimbisha mashimo, umetupa wimbo. Na hujawahi kunywa maji yetu hata siku moja."

Nilitaka kubisha. Nikatafuta katika kumbukumbu zangu siku moja tu, funda moja tu. Haikuwepo. Miaka yote ile nilikuwa napeleka Kisiwani taka kwa mkono wangu mwenyewe, na nilikuwa nimeamini, bila kuwahi kujiambia, kwamba maji ya kisima kile ni ya kuwakagulia watu, si ya kunywa.

Akachukua kikombe kwa mkewe. Mkono ukatetemeka, maji yakamwagikia magotini. Nikajua ataonja kwanza, kama ilivyo desturi. Hakuonja. Alininyooshea.

"Anayetoa ndiye anayeonja. Na mafundisho yote ya maji na vyombo hapa umeyatoa wewe. Usiogope, tumeyachemsha. Hilo ulitufundisha vizuri."

Nilikunywa mbele ya macho yao wote mpaka kikombe kikaisha. Maji yalikuwa matamu, na katika yote niliyoyaona Kisiwani, hilo ndilo lililonishtua zaidi.